Kidevu cha Muzee Labani

Wekeni vikombe chini kwanza, maana safari iliyopita nikisimulia habari hii kuna mtu alijimwagia chai moto kwenye mapaja, na miye lawama niko nazo za kutosha. Halafu aibu yenyewe naisema mbele kabisa, ili mtu asikae akiivizia: miye Solange, mwanamke mzima, asistanti wa biolojia chuoni, mtu wa kusali kila Jumapili, nilishika kidevu cha baba mkwe wangu. (Yaani yule aliyekuwa amebakisha kidogo tu awe baba mkwe wangu.) Nilikishika kwa mikono miwili, mbele ya ndugu zake, na si kukishika tu, nikakibonyeza kutafuta tundu.

Mutasema nilikunywa. Sikunywa kitu. Ingekuwa pombe, leo ningekuwa na mahali pa kusukumia lawama.

Kazi yangu ni mataya. Mataya ya makako. Mwalimu wangu wa zamani alipostaafu aliniachia makartoni yaliyojaa mifupa, vichwa na mataya ya makako, yaani kima na mbega wa misitu yetu, mengine yakiwa na mafuta na uchafu wa miaka, na miye nikayachukua kwa sababu hakuna mwingine aliyeyataka, halafu nikayapenda, sijui niseme vipi, nikayapenda kabisa. Kitabu kinakuchorea taya la chini la kima, kinakuwekea kitundu kimoja kila upande, pale karibu na magego ya mbele, ambapo mshipa wa fahamu unatokea kwenda kwenye mdomo, unaamini, unafunga kitabu. Sasa chukua taya lenyewe mkononi! Huyu ana kitundu kimoja kulia na viwili kushoto, yule ana vitatu vimepangana, mwingine gego la mwisho halikuota upande mmoja, na wote ni makako wa aina moja, pengine hata wa mti mmoja. Kazi yangu ilikuwa kupima na kuandika vile wanavyotofautiana, na nawaambia kweli, hakuna aliyewahi kuniuliza. Watu wanauliza, "Unafanya nini?" unawaambia, "Mataya ya makako," wanasema, "Ah, pole," basi.

Nilikuwa nakaa Shari, mtaa wa Bunia, chumba na saloni, peke yangu. Siye watu wa upande wa Kpandroma tulitawanyika wakati wa kukimbia vita, mama akazikwa Uganda mahali ambapo mpaka leo sijakanyaga, kaka yangu anapiga simu Noeli na Pasaka, na mimi hapa. Bunia iko na kelele, motari wa pikipiki, makanisa, redio za majirani, lakini mtu anaweza kumaliza siku nzima ndani ya kelele ile bila mtu kumuita jina lake. Niko na aibu kusema, lakini nilikuwa nasalimia mataya asubuhi. Nilikuwa na mmoja, dume la mbega, taya lake limesimama refu nyuma vile wanavyokuwa wale watafunaji wa majani, nikimwambia, "Umeamkaje, papa?" halafu nanywa chai. (Chekeni tu, miye mwenyewe nacheka.)

Alors Justin akatokea. Mwalimu wa hesabu, mtaratibu, mtu wa kupiga pasi hata soksi. Tulikutana kwenye koral, kwaya ya kanisa, akawa ananisindikiza mpaka kwenye barabara, halafu mpaka kwenye mlango, na siku moja akasema ndugu zake watakuja kubisha mlango kwetu. Nikafurahi, nikaingia ndani, ndipo nikajiuliza: kwetu wapi? Maana ndugu wa mwanaume wakija kujionyesha, wanataka kukuta baba amekaa, tantine, yaani shangazi, amekaa, wajomba wanakohoa kohoa. Wakikuta msichana peke yake na makartoni ya mifupa, wataongea na nani?

Ndiyo nikaazima ukoo. Musicheke. Papa Anselme, seremala aliyekimbia kutoka Gety, alikuwa anakaa nyuma ya parseli yetu, kiwanja chetu, mjane, hana watoto waliobaki karibu, nikamwomba awe papa yangu kwa siku moja. Aliinamisha kichwa, akasema, "Nitakuwa." Mama Neema, jirani anayeuza makayabo, samaki wa chumvi, hakungoja hata nimalize kuomba, akajiweka tantine yeye mwenyewe na kuanza kunigombeza papo hapo kama tantine. Na siku zile nilikuwa nikipita karibu na karakana ya Papa Anselme namsikia akipiga randa na kujifundisha peke yake, "Huyu ni binti yangu. Alikomea mu mikono yangu. Huyu ni binti yangu." Nilisimama nyuma ya mbao zake nikisikiliza vile nilivyokulia mikononi mwake, nikachelewa kazini.

Justin aliniomba kitu kimoja tu.

"Solange, siku ile, mambo ya makako usiyaguse. Sema unafundisha, inatosha. Papa ni mutu ya zamani, na batantine wangu, weye unawajua."

"Sitayaguza hata," nikasema, na nilisema kweli, kwa moyo wangu wote, maana niliwataka watu wale. Si Justin peke yake. Niliwataka wote, na tantine, na watoto, na ile kelele ya watu wengi wanaokula sahani moja. Hilo mulishike, maana ndilo lililokuwa mezani siku ile.

Sasa tuje kwenye termosi. Mutu wa kawaida termosi kubwa ya plastiki, hotpoti, anaweka bugali ikae moto. Lakini mfupa wenye mafuta, ili utoke mweupe na kitundu kionekane vizuri, unataka kulala kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga, siku nyingi, na maji yakipoa unabadilisha. Makaa yananishinda, umeme nao unajua tabia yake. Nikaangalia termosi zangu mbili, pacha, za maua mekundu, nilizonunua pamoja nikitumaini siku moja nitakuwa na wageni wa kuzijaza zote, na nikasema moyoni, mama, wageni wenyewe wako wapi? Nikaichukua moja, nikaweka mataya, nikafunga, na maji yakakaa na joto vizuri sana! Nilijisifu wiki nzima. Uamuzi mdogo vile, wa akili kabisa, ndio ulioniua.

Kabla ya wageni kuja, niliisukuma ile ya mataya chini ya meza, nikaifunika na kipande cha kitenge. Nilitaka kumwambia Mama Neema. Nilifungua mdomo kabisa nimwambie. Lakini yeye alikuwa na bugali, na sombe ya majani ya muhogo, na kuku wawili, na viti vya Papa Anselme vinavyopita mlangoni, na ananifokea.

"Weye leo uko bibi-arusi! Jikoni haukanyage! Unataka wakuye wakukute unanuka moshi? Ingia mu chumba, kaa kimya, mpaka papa yako akuite."

Ndivyo ilivyo, msichana anakaa nyuma ya rido, pazia la chumba, hatoki na hasemi mpaka aitwe, na akisema kabla ya kuitwa wanasema huyu nyumba ataitawala yeye. Nikaingia. Nikakaa kitandani na kitenge changu kipya, mikono kwenye magoti, na kupitia mwanya wa rido nikawa naona saloni yangu ikijaa watu. Jamani, saloni yangu! Viatu vilivyopangana mlangoni! Muzee Labani, baba yake Justin, aliingia na kofia mkononi, ndevu nyeupe zimekatwa vizuri, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache, akakaa kwenye kiti kikubwa cha Papa Anselme. Pembeni Tantine Rozalia, dada yake, mwanamke mkubwa na sauti kubwa. Justin akakaa mwisho, magoti yamebanana.

Na Papa Anselme akasimama akasema, "Huyu mutakayemuona ni binti yangu. Alikomea mu mikono yangu." Sauti haikutetemeka hata kidogo. Nyuma ya rido miye niliyasema pamoja naye, kwa midomo tu.

Watu wa upande wao wana desturi moja ambayo Justin alisahau kunieleza: chakula cha siku ya kwanza, mwenye nyumba hakifunui. Anafunua mgeni, mama mkubwa wao, mbele ya wote, na anasema maneno ya kushukuru, ndipo watu wananawa. Donc Mama Neema akaleta sahani, akaleta sombe, akaleta kuku, akainama chini ya meza, alikokuwa ameisukuma bugali yake chini ya kitenge kile kile, akatoa termosi ya maua mekundu, akaifuta na upande wa kitenge chake, akaiweka katikati, mbele ya Tantine Rozalia.

Niliona. Niliona kwa macho yangu mawili, na nilijua, maana ile ya bugali kifuniko chake kilikuwa na mchubuko na hii haikuwa nao. Sasa nifanye nini? Nikitoka bila kuitwa nimeharibu. Nikikaa nimeharibu. Nikachagua kukohoa. Nikakohoa mara moja, kwa heshima. Saloni nzima ikacheka.

"Aka! Bibi-arusi iko na haraka!" Tantine Rozalia akasema, wakacheka tena, na Mama Neema akacheka kuliko wote, na miye nikakohoa zaidi, na wao wakacheka zaidi, mpaka nikanyamaza.

"Bwana asifiwe," akasema Tantine Rozalia, akiinua termosi kidogo kuipima. "Naona munatupenda. Iko nzito!"

Akafungua.

Mvuke ukatoka na harufu ya sabuni ya unga. Akachungulia, akaingiza mwiko (Mungu wangu, alikuwa na mwiko tayari mkononi), akainua, na juu ya mwiko, yakichuruzika povu, yakaja mataya mawili yameshikana, meno yote juu.

"Yesu wangu! Meno! Meno ya mutu!"

"Ni ya mutoto!" mwingine akapiga kelele. "Angalieni vile iko kidogo!"

Viti vikaanguka. Mmoja akaanza kukemea mapepo kwa lugha yake. Mama Neema alikuwa amekaa chini sakafuni na kitenge kichwani. Na Muzee Labani, bila kuinuka, akainua mkono, wakanyamaza.

"Mwenye nyumba atuambie," akasema. "Hii ni kitu gani?"

Papa Anselme hakujua. Hakuwahi kuingia mu chumba changu, hakuwahi kuona hata jino moja. Angeweza kusema, "Muzee, miye si papa yake, niliazimwa tu," na hakuna ambaye angemlaumu. Akaangalia ule mwiko, halafu akageuka upande wa rido.

"Mutoto wangu," akasema, "toka utuambie."

Nikatoka. Na kama ningeomba samahani tu, kama ningepiga magoti nikasema nimekosa, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini neno la kwanza lililotoka mdomoni mwangu lilikuwa lile lile.

"Si mutu, papa. Ni makako."

Justin akafumba macho.

"Mutu iko na kidevu," nikaendelea, kwa haraka, ili wasiogope tena. "Angalieni huyu. Hapa mbele inarudi nyuma, inapotea. Kidevu haiko. Makako hana kidevu, mutu ndiye iko nacho."

Na saloni nzima, nawaapia, saloni nzima ikashika kidevu chake. Tantine Rozalia na mwiko wake mkono mmoja, kidevu mkono wa pili. Yule wa kukemea mapepo. Mama Neema chini ya kitenge. Walikuwa wanajipapasa na kuniangalia, wote wananiangalia miye, na hapo ndipo nilipopotea, maana tangu nizaliwe sijawahi kuwa na watu wengi vile mu nyumba yangu wananisikiliza. Nikasahau rido, nikasahau ahadi. Nikamtoa mbega wangu kutoka kwenye kartoni nikawaonyesha vile taya lake linavyosimama nyuma, kwa ajili ya majani. Nikawaambia meno ya makako wetu yanapangwa kama yetu, ndiyo sababu wameshtuka, hawana kosa. Nikawaonyesha tundu. Huyu kimoja, huyu viwili, huyu kushoto vitatu na kulia kimoja. "Hakuna taya mbili sawa sawa," nikasema, "hata za ndugu wawili," na nikasikia sauti yangu imefurahi, na sikuweza kuizuia.

Muzee Labani alikuwa anasikiliza kwa makini. Mtu mstaarabu yule, nafikiri alitaka kunisaidia nimalize kwa heshima, akauliza, "Na hiyo tundu, siye pia tuko nayo?"

"Muko nayo, papa! Hapa hapa!"

Na nikamshika.

Kwetu na kwao, ninyi munajua, bokilo, yaani mkwe, hata mkono humpi ovyo, hupiti mbele yake, unazunguka nyumba kama yuko mlangoni. Miye nilikuwa nimeinama juu yake, vidole gumba vyangu viwili mu ndevu zake, nabonyeza kulia, nabonyeza kushoto, macho nimeyafunga ili nisikie mfupa vizuri vile ninavyofanyaga kazini. Alikuwa na joto. Huo ndio wazimu wenyewe, niliona taya lina joto na nikashangaa, miaka yote ile nilikuwa nashika ya baridi, au yenye joto la termosi. Na vidole vikafika upande wa kushoto, na mdomo wangu, mdomo huu huu, ukasema kwa sauti ya darasani:

"Papa, huku magego hayako kabisa. Ndiyo maana mufupa imepungua."

Hakuna aliyecheka. Kama wangecheka! Nilifungua macho nikaona macho yake karibu kabisa na yangu, na hayakuwa na hasira, yalikuwa na aibu, aibu ya mzee aliyetafunia upande mmoja miaka mingi bila mtu kujua, hata dada yake, na sasa watu wote wanajua. Nikaondoa mikono.

"Aksanti, mutoto," akasema. Akachukua kofia.

Waliomba sala fupi wakiwa wamesimama, wakavaa viatu, wakatoka. Kutoka bila kula, hilo ni jibu, halihitaji mtu wa kulitafsiri. Justin alikuwa wa mwisho. Nilitaka aseme kitu, hata anitukane. Akasema, "Nilikuomba kitu kimoja tu, Solange," akafunga mlango taratibu, vile anavyofanyaga kila kitu. Baadaye aliandika kwenye simu kwamba papa anasema utulivu kwanza, halafu tutaongea. Bado hatujaongea. Siku moja alinipita kwenye boulevard akiwa juu ya pikipiki ya motari, akanipungia mkono, na nilisimama pale kando ya barabara na mkono juu muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Lakini siku ile, wageni walipokwisha kwenda, Mama Neema akaenda kwake akisema kichwa kinamuuma, na saloni ikawa yangu tena, viti vimeanguka, kuku wawili hawajaguswa. Nikainama chini ya meza, nikaikuta termosi yenye mchubuko, bugali bado ya moto. Nikalia kidogo. Eh, nililia sana, kwa nini nidanganye. Nilikuwa naokota mataya moja moja kutoka kwenye meza, nikisikia viti vinaburutwa, nikajua Papa Anselme anachukua mali yake na yeye aende.

Hakuwa anachukua. Alikuwa anavisimamisha. Akasimamisha vyote, akachagua kimoja, akakaa, akanivutia kingine mbele yake.

"Na miye," akasema, "niko nayo, hiyo tundu?"

"Papa, niache."

"Nakuuliza. Miye niliwaambia ulikomea mu mikono yangu, na haya yote unayojua sikuyajua. Iko, ao haiko?" Na akainua uso, akafunga macho, akanipa kidevu chake, chenye vumbi la mbao mpaka kwenye mikunjo.

Nikatafuta pole pole. Kupitia ngozi ni vigumu, munajua, huoni kitundu, unasikia tu mahali ambapo mtu anaumia kidogo ukibonyeza. Upande wa kulia akakunja uso. Upande wa kushoto pia.

"Iko, papa. Pande zote mbili."

"Bon," akasema. "Lete bugali, tukule."

Tukala, siye wawili, chakula cha watu wengi.

Papa Anselme amerudi Gety sasa, kule kulipotulia kidogo akaenda kuangalia mashamba yake, na simu ya kule inashika siku inapotaka. Viti vyake alivigawa, kimoja akaniachia, kile kikubwa. Hakuna anayekikalia. Asubuhi nasalimia mbega wangu, nakunywa chai, naenda kazini, na mifupa naosha mu ndoo ya wazi kabisa, imeandikwa pembeni kwa herufi kubwa. Termosi zote mbili ziko kabatini, safi, zinangoja wageni.

Nimekwisha kuapa, na mukiwa marafiki zangu munikumbushe: mbele za watu sitafunua tena mdomo kabla sijajua kama wanataka kujua ao wanataka tu kula. Na kidevu cha mutu, hata kiwe kizuri namna gani, sitakishika tena mpaka mwenyewe akae chini, afunge macho, anipe.